Kisoma katriji cha Game Boy hakionekani kwenye kompyuta? Anza kwa kuitoa katriji

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu usiku. Alitaka kunakili sevu (maendeleo yaliyohifadhiwa) ya mchezo wake wa zamani kabla betri ya ndani ya katriji haijafa, na kila akifungua programu anaambiwa hakuna kifaa kilichounganishwa. Alikuwa ameshaisugua ile katriji mara saba. Nikamuuliza swali moja tu: "Ukiichomoa katriji kabisa, programu inasema nini?" Akanyamaza kidogo. "Inasema vilevile, mjomba."

Basi kosa hilo halikutoka kwenye katriji. Alikuwa anamtafuta mchawi nyumba ya jirani.

Nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ule tulioufuata naye. Mifano yangu ni ya kisoma katriji kinachotumia chipu ya CH340, kama vile GBxCart RW, na programu ya FlashGBX. Kama chako ni cha aina nyingine, majina yatabadilika lakini njia ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Toa katriji

Kutoka kwenye mchezo hadi kwenye kioo kuna viungo vitatu: katriji na kisoma, kisoma na kompyuta, kompyuta na programu. Kisoma kitupu, kisicho na katriji, bado kinatakiwa kuonekana. FlashGBX ikikipata itakuonyesha jina lake na toleo la femwea yake (programu iliyo ndani ya kifaa) hata kama hakuna kitu kwenye mdomo. Isipoonyesha, usiiguse katriji tena mpaka hatua ya 6.

Hatua ya 2: Badilisha waya

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Nyaya nyingi zinazokuja na taa, spika na vikorokoro vingine zina zile mbili za umeme tu. Ukichomeka, taa ya kisoma inawaka vizuri, nawe unaamini mambo yako sawa. Taa inathibitisha umeme peke yake. Chukua waya ambao umewahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu au kamera, huo una data.

Na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Vile vifaa vya kugawa tundu moja kuwa manne sivitaki kabisa katika kazi hii. Kisoma kikivuta umeme ghafla wakati wa kusoma, muunganisho unakatika faili likiwa nusu.

Hatua ya 3: Uliza mfumo, usiulize programu

Programu ikisema "hakuna kifaa" inaweza kuwa inamaanisha mambo kumi tofauti. Mfumo wenyewe husema wazi zaidi. Kwenye Linux fungua terminali uandike:

`lsusb`

Tafuta namba 1a86:7523. Hiyo ndiyo CH340. Kisoma chenye chipu ya FTDI mara nyingi huonyesha 0403:6001. Kwenye Windows fungua Device Manager uangalie sehemu ya Ports. Kwenye Mac andika `ls /dev/cu.*` kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka, ulinganishe.

Kama hakuna chochote kilichoongezeka, rudi hatua ya 2, badilisha waya tena, kisha badilisha tundu. Kama kuna kitu, endelea.

Hatua ya 4: Kwa wa Linux, kifaa kipo na hakipo

Hapa ndipo nilipoteza usiku mzima mwaka ule nilipohamia Ubuntu 22.04, na ndipo mpwa wangu alipokuwa amekwama bila kujua. Kaa vizuri.

Dalili ni hizi: `lsusb` inakionyesha kisoma bila wasiwasi, lakini ukitafuta `/dev/ttyUSB0` haipo. Programu inahitaji ile ttyUSB0, yaani poti ambayo inaongea na kisoma kupitia kwayo, haijali lsusb inasema nini. Mimi nilibadilisha nyaya tatu, nikafuta FlashGBX na kuisakinisha upya, nikaanza hata kuamini kisoma kimeungua. Kilichonipotosha ni hiyo lsusb: nilikuwa nakiona kifaa kwa macho yangu.

Fanya hivi. Chomoa kisoma. Andika amri hii, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo:

`sudo dmesg -w`

Sasa chomeka, usome mistari inayotokea. Ukiona mstari unaosema ch341-uart converter now attached to ttyUSB0, halafu muda mfupi baadaye mwingine unaosema usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1, kisha now disconnected from ttyUSB0, basi mchawi umemkamata. Poti ilizaliwa, ikaishi kwa muda mfupi, ikanyang'anywa.

Aliyeinyang'anya ni brltty. Ni programu nzuri kabisa, inawawezesha wasioona kutumia kompyuta kwa kifaa cha maandishi ya nukta nundu. Tatizo ni kwamba CH340 ni chipu ya bei rahisi iliyopachikwa kwenye vitu vya kila aina, na kimoja kati ya vifaa vya nukta nundu kinatumia namba ileile, 1a86:7523. Kwa hiyo brltty ikiona kisoma chako cha Game Boy inasema "huyu ni wangu" na kukichukua.

Watu wengi watakwambia andika `sudo apt remove brltty` na mambo yaishe. Ni kweli yanaisha. Lakini kama kompyuta hiyo inatumiwa na mtu yeyote asiyeona, hata mara moja kwa mwezi, usifanye hivyo. Utakuwa umemfungia mlango kwa ajili ya mchezo. Mimi napendelea njia ndefu kidogo hata kwenye mashine yangu mwenyewe.

Kwanza tafuta faili lenye kanuni inayoiambia brltty ichukue kifaa chenye namba hiyo:

`grep -l "1a86/7523" /usr/lib/udev/rules.d/*`

Kwenye Ubuntu 22.04 jibu ni 85-brltty.rules. Kwenye mifumo mingine jina linaweza kuwa tofauti, ndiyo maana nakuambia utafute badala ya kunakili amri yangu kichwa kichwa. Kisha linakili liende kwenye folda yako ya kanuni:

`sudo cp /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules /etc/udev/rules.d/`

Hariri ile nakala ya /etc, siyo ile ya /usr/lib. Ukihariri ya /usr/lib, siku mfumo ukisasishwa kazi yako inafutwa na tatizo linarudi, na kufikia siku hiyo utakuwa umeshasahau ulilitatuaje. Faili la /etc lenye jina lilelile ndilo linalosikilizwa. Tafuta mstari wenye `1a86/7523` uweke alama ya # mwanzoni mwake. Huo tu. Usiguse mistari ya jirani. Hifadhi, halafu:

`sudo udevadm control --reload-rules`

Chomoa kisoma, chomeka tena, angalia dmesg. Safari hii ttyUSB0 inatakiwa ibaki. Ikiondoka tena, washa kompyuta upya, kwa sababu brltty iliyokwisha kuamka haisomi kanuni upya, inaendelea kushikilia alichonacho.

Yupo na binamu yake, ModemManager, ambaye hupenda kuchungulia poti mpya na kuziuliza kama ni modemu. Anawasumbua zaidi wenye visoma vinavyojitokeza kama ttyACM0. Ukiambiwa poti ina shughuli, subiri nusu dakika, au msimamishe kwa `sudo systemctl stop ModemManager`.

Na tafadhali, usijaribu haya yote ndani ya kompyuta pepe. WSL ya Windows, kwa mfano, haioni USB mpaka uongeze programu nyingine ya kuipitisha. Unajiongezea kiungo cha nne bila sababu.

Hatua ya 5: Ruhusa, draiva, na programu mbili kwenye poti moja

Linux: ttyUSB0 ipo lakini unanyimwa ruhusa? `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti yako uingie tena. Kufunga terminali peke yake hakutoshi. Kwenye Arch kundi linaitwa uucp.

Windows: pembetatu ya njano kwenye Device Manager inamaanisha draiva, sakinisha ya CH340 kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Namba ya COM hubadilika ukihamia tundu jingine, usishangae.

Mac: chagua cu, siyo tty.

Kote: poti moja, programu moja. Kama umeacha wazi dirisha la programu ya Arduino linalosikiliza poti hiyo, FlashGBX haitapata kitu.

Hatua ya 6: Sasa rudisha katriji

Angalia volti kwanza. Katriji za Game Boy na Game Boy Color hutumia volti 5, za Game Boy Advance volti 3.3. Visoma vingine hubadilisha vyenyewe, vingine vina swichi ndogo ubavuni. Katriji ya Advance ukiipa volti 5 unaweza kuiua, na hakuna kuirudisha.

Kisha soma kichwa cha katriji. Baiti 48 kuanzia 0x104 hadi 0x133 ni nembo ya Nintendo, ileile kwenye kila katriji halali ya Game Boy, kwa hiyo ni kipimo kizuri sana cha usafi wa miguu, vile vibati vya katriji vinavyogusana na kisoma. Ukipata FF tupu, katriji haijagusa kabisa au imekaa upande. Ukipata nembo iliyovurugika, mguu mmoja au miwili ya data ni michafu. Hapo ndipo usafi una maana: pamba ya masikioni na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua, acha ikauke. Msasa hapana. Kupuliza kwa mdomo pia hapana, unaingiza mate.

Kuna kosa moja ambalo huwachanganya hata wazoefu. Kichwa kinasomeka vizuri, jina la mchezo linaonekana, lakini faili linalotoka halichezeki. Ukilifungua kwa kihariri cha heksa unakuta sehemu ileile inajirudia rudia kila kilobaiti 16. Chanzo mara nyingi ni mguu wa tatu, ule wa kuandikia. Kubadilisha benki za kumbukumbu (vipande vya mchezo vinavyosomwa kimoja kimoja) kunafanywa kwa kuiandikia katriji, si kwa kuisoma. Mguu huo ukiwa mchafu, maagizo ya kubadilisha hayafiki na unasoma benki moja hadi mwisho. Sugua mguu huo. Mpwa wangu alikuwa amesugua yote isipokuwa pembeni, na ule wa tatu uko pembeni.

Hatua ya 7: Soma mara mbili

Soma sevu, chomoa katriji, chomeka, soma tena kwa jina jingine. Linganisha kwa `sha1sum`, amri inayotoa alama ya kila faili. Zikilingana, nzuri. Zikitofautiana, rudi kwenye pamba. Na ukiwa na haraka kiasi gani, usibonyeze kitufe cha kurejesha sevu kabla ya kupata nakala mbili zinazofanana, maana kiko karibu na kile cha kunakili na nimeshaona mtu akiifuta miaka yake yote kwa mbofyo mmoja.

Betri ya mpwa wangu ilikuwa CR1616, tukaipima ikiwa imebakiza volti 2.6 kati ya 3. Sevu ilikuwa bado nzima. Aliiweka kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kumbukumbu, akajitumia na kwa barua pepe, ndipo nikamruhusu aifungue katriji na kulehemu betri mpya.