Umeteuliwa mwalimu mkuu? Anzia stoo

Barua ya uteuzi ikitoka, pongezi humiminika: simu, grupu la WhatsApp, hata shemeji ambaye hamjaongea tangu harusi. Zipokee zote, kisha chukua daftari uende stoo. Nimeongoza shule za msingi za serikali vijijini Dodoma mpaka nikastaafu, na sasa nimo kwenye bodi ya asasi ndogo ya watoto. Kote huko nimeona mkuu mpya akiaminiwa au akidharauliwa kwa mambo ya mali na fedha, muda mrefu kabla watu hawajasikia maono yake. Kwa hiyo maono yasubiri kidogo.

Usikubali makabidhiano ya kukaa ofisini na soda mezani. Zunguka na unayempokea, mwalimu mkuu msaidizi na mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Leja ikisema madawati 120, hesabu. Ukikuta 97 yanakalika na 23 yamelundikwa nyuma ya Darasa la Tano, hati isiseme "madawati 120". Iseme 97 mazima, 23 mabovu, na yalipo. Kitu kisichoonekana kiandikwe hivyo hivyo: hakikuonekana. Humchongei mtu hapo. Mkaguzi wa hesabu akija baada ya miaka miwili atakukuta wewe kwenye kile kiti, na mwenzako atakuwa ameshahamia wilaya nyingine.

Uliza na madeni. Pita kwa fundi, pita duka la vifaa, uliza kwa upole kama shule inadaiwa. Mdai ambaye hakuandikwa kwenye hati ana kawaida ya kutokea siku ruzuku inapoingia, tena anacheka. Halafu nenda benki ubadilishe watia saini mapema, kwa barua na muhtasari wa kikao cha kamati. Hilo likiachwa, shule inakaa na fedha isiyoweza kuitoa huku chaki zimekwisha.

Fedha ikishaingia, bandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipigwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zilizokuja kwenye akaunti ya shule. Nyingine zilikuwa za vitabu. Piga hesabu kwa kiwango hicho: shule ya watoto 600 ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Mzazi akisikia "serikali inaleta hela" anawaza mamilioni. Akiona 300,000 imeandikwa kwa kalamu ya wino, na chini yake karatasi za mitihani, chaki na bati mbili za kuziba paa, maneno ya kijiweni yanapungua yenyewe. Wapo wakuu wanaoogopa ubao huo. Mimi huwa najiuliza wanaogopa nini.

Kwa walimu, ongea na mmoja mmoja kabla ya kikao cha kwanza. Maswali mawili yanatosha: ni kitu gani hapa hungependa nikiguse, na ni kitu gani kinakukwamisha kufundisha? La kwanza linakuepusha kuvunja jambo jema kwa sababu tu hukulianzisha. La pili mara nyingi lina jibu dogo. Kuna mwalimu anayepanga nyumba ng'ambo ya korongo. Masika maji yakijaa, bodaboda haivuki mpaka yapungue. Kila mtu anajua, lakini ratiba inampa kipindi cha kwanza, halafu anaandikwa mchelewaji. Kaa na mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia ratiba, sogeza vipindi vyake mpaka mvua ziishe. Haitagharimu hata senti, na ofisi nzima ya walimu itaona kwamba ukiambiwa jambo unalifanyia kazi.

Ila mchelewaji wa kweli yupo. Usimseme mstarini mbele ya watoto, wala usitumie kikao kupiga mafumbo, maana yale ya "wapo baadhi yetu" humchoma kila mtu isipokuwa mhusika. Mwite ofisini, daftari la mahudhurio likiwa wazi mezani. "Mwalimu, Jumatatu na Jumatano umeingia saa tatu. Darasa la Nne walikaa peke yao. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, lakini mvumilie aseme. Huenda ana mgonjwa, huenda ana duka. Mkubaliane jambo moja lenye tarehe na uliandike. Likirudiwa, mpe barua ya kutakiwa kujieleza, na nakala ibaki kwenye faili. Usimfikishe kwa Afisa Elimu Kata ukiwa na hasira tu mkononi. Atakuuliza maandishi yako wapi.

Vikao viwe vifupi. Anza na yatokanayo, na kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe. "Walimu wote washirikiane kukomesha utoro" ni sala, si azimio. "Mwalimu wa Darasa la Sita alete majina ya watoro wa wiki Ijumaa, mwalimu mkuu ayapeleke kwa mtendaji wa kijiji Jumatatu" hilo unaweza kuliuliza kikao kijacho. Neno "litafanyiwa kazi" ningelipiga marufuku kabisa.

Chakula cha mchana ndicho kitakachokupima mbele ya wazazi. Huku Dodoma usiitishe mkutano wa mchango Januari, watu wako mashambani na vihenge vimeanza kuwa vyepesi. Subiri Mei au Juni, mavuno yakiwa ndani. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu mkutano ni wake na wewe ni mgeni mwenye ajenda. Waache wazazi wenyewe wataje kiasi, iwe debe la mahindi au mtama na kilo za maharage, na wakubaliane mwenye ukame atachangia nini, labda kuni au maji. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa mzazi. Ufunguo wa stoo ya chakula mpe mama mmoja wa kamati ambaye kijiji kinamheshimu, na kila asubuhi apime mbele ya mwalimu wa zamu, wote wasaini. Wewe usiushike ufunguo huo hata ukibembelezwa.

Asasi nazo zina ugonjwa wake: mwanzilishi. Yeye ndiye mkurugenzi, mkewe mhasibu, mwenyekiti wa bodi ni kaka yake, na hela za mradi zinapitia simu yake. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado hakuna wa kumwambia hapana. Weka watia saini wawili wasio ndugu, bodi ikutane hata pasipo mgeni wa mfadhili, na taarifa ya mwaka ya kupeleka kwa Msajili wa asasi ianze kuandikwa kila mwezi badala ya kukesha nayo mwishoni.

Na mkurugenzi aende likizo ya kweli. Amwachie mwenzake kazi kwa barua, azime simu ya ofisi wiki mbili. Akirudi asiulize nani kakosea, aulize nini kilikwama: malipo yapi hayakutoka, ufunguo gani haukuonekana, ni nani aliyekuwa peke yake na namba ya siri ya baruapepe. Orodha hiyo iende kwenye kikao cha bodi kinachofuata, kila mstari ukiwa na jina na tarehe.