Kupima hali ya akili kwa kufuata umri: mwongozo wa muuguzi

Fomu ya kupima hali ya akili ni ileile kwa wote: mwonekano, mwenendo, usemi, hisia, fikra, sauti au maono yasiyokuwapo, uelewa, na iwapo mgonjwa anatambua kwamba anaumwa. Kinachobadilika ni maana ya unachokikuta. Ukimya wa mtoto wa miaka 7, wa mama aliyejifungua juzi na wa mzee wa miaka 80 huenda ukawa na asili tatu tofauti.

Kwa umri wowote, anza na mwili. Pima joto, mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu, oksijeni na sukari kabla hujaandika neno "saikosisi" (hali ya kupotewa na uhalisia) kwenye faili. Sukari ikishuka mtu hupayuka, hugombana na kutokwa jasho. Huyo anahitaji glukosi. Sindano ya kumtuliza itaficha tatizo.

Mtoto

Mtoto mdogo ni nadra kukwambia ana huzuni. Utasikia anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, ameanza tena kukojoa kitandani, au amekuwa mkali bila sababu. Muulize vitu vya kushikika: anacheza na nani, analalaje, mchezo gani aliupenda na sasa hautaki. Mpe karatasi achore huku mnaongea. Epuka "kwa nini", maana hujiona anashtakiwa. Mlezi na mwalimu waulize kila mmoja peke yake. Tatizo linaloonekana nyumbani tu, au shuleni tu, limeshakuonyesha pa kuanzia.

Kijana

Sehemu ya mazungumzo iwe bila mzazi. Mweleze mwanzoni kwamba maneno yake ni siri, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, au akiwa anadhulumiwa. Ukimwambia baada ya kufunguka, atahisi ametegwa. Akianzishiwa dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni kali) mfuatilie kwa karibu wiki za kwanza, kwa sababu kwa walio chini ya miaka 25 dawa hizo zinaweza kuongeza fikra za kujiua.

Swali la kujiua uliza waziwazi, kwa kijana na kwa kila mgonjwa mwingine. Kuuliza hakumpandikizii wazo. "Hufikirii kujiua, sivyo?" ni swali linaloomba jibu la hapana. Sema: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, endelea: ni mara ngapi, ana mpango gani, ana njia ya kuutekeleza, aliwahi kujaribu, nini kimemzuia mpaka leo. Mwenye mpango na njia asiachwe peke yake hata dakika moja. Ondoa dawa na vitu hatari vilivyo karibu naye, mwite daktari, na uandike maneno yake kama alivyoyatamka.

Mama aliyejifungua

Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, tumia dodoso la Edinburgh la kuchunguza sonona ya uzazi: maswali 10, alama 0 hadi 30. Swali la 10 linahusu kujidhuru. Lisome kwanza, hata jumla ikiwa ndogo. Mama asiyelala hata mtoto anapolala, anayeongea kasi au kuamini kuwa mtoto amebadilishwa, ni dharura ya siku hiyohiyo. Yeye na mtoto wawe na mtu muda wote.

Mtu mzima

Hapa vitabu vimesema mengi, kwa hiyo yatosha kukumbusha mawili. Damu ya kupima lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukichukua mapema, kiwango kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Na mgonjwa aliyechomwa haloperidoli (dawa ya saikosisi) kisha shingo ikakakamaa au macho yakageuka juu hajifanyi: mwite daktari, dawa kama benzheksoli humfungua.

Mzee

Benzheksoli hiyohiyo humchanganya mzee na kumzuia kukojoa. Ndiyo maana mzee aliyebadilika ghafla huanziwa kwenye orodha ya dawa zake.

Waulize ndugu: alikuwaje wiki iliyopita? Demensia, yaani kufifia kwa kumbukumbu na akili, hujijenga kwa miezi na miaka. Deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka, na huvuruga umakini. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume. Akipotea njiani, tafuta chanzo: kibofu kilichojaa, choo kigumu, maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, maumivu. Kabla ya kipimo mvalishe miwani na kifaa cha kusikia, la sivyo utakuwa unapima uziwi.

Mzee anayepiga kelele huonwa na kila mtu. Anayekosewa zaidi ni yule anayesinzia kutwa, ambaye huandikiwa sonona au husifiwa kwa utulivu. Mwamshe kila zamu, rudia kipimo cha siku za wiki, na uandike saa pamoja na jibu, ili zamu ya usiku iwe na cha kulinganisha.