Namna Mnasihi Anavyomsaidia Mteja Kulifungua Tatizo Lake

Anayefika kwa mnasihi kwa mara ya kwanza huwa amekuja kuambiwa la kufanya. Jina la huduma yenyewe limemwahidi hivyo, kwa sababu tunaiita ushauri nasaha, na nasaha kwa Mswahili ni maneno ya mtu mzima kwa aliye chini yake: ya kungwi kwa mwari, ya mjomba kwa kijana anayetaka kuoa, ya shehe au mchungaji kwa wanandoa waliokosana. Kazi ya unasihi huanzia kwingine. Mnasihi humsaidia mteja kulisema tatizo mpaka mteja mwenyewe alisikie vizuri, na mara nyingi tatizo linalosikika mwishoni silo lile lililotajwa mlangoni. Mwongozo huu unahusu hatua hiyo ya kulifungua tatizo, na umeandikwa kwa wanasihi wapya, walimu wanaosimamia ushauri na unasihi shuleni, na wahudumu wa afya ambao wamepewa chumba na viti viwili wakaambiwa waanze kazi.

Mtazamo huu ulijengwa kwa kiasi kikubwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliyeishi kati ya 1902 na 1987. Yeye ndiye aliyezoeza watu kutumia neno mteja badala ya mgonjwa, na mwaka 1957 alieleza masharti ya mazungumzo yanayomletea mtu mabadiliko. Matatu kati ya hayo ndiyo yanayofundishwa kila mahali: mnasihi awe mkweli asiyejificha nyuma ya cheo chake, ampokee mteja bila kumwekea masharti, na ayaone mambo kwa macho ya mteja huku akijua kwamba macho hayo si yake. Ni rahisi kuyakariri masharti hayo darasani. Ugumu wake huonekana pale mteja anapokaa na kusema jambo ambalo kwenu nyumbani lingejibiwa kwa karipio.

Maandalizi ya chumba hayahitaji maneno mengi. Mlango ufungike, simu izimwe, na meza isiwe kati yenu. Viti viwekwe kwa pembe, si uso kwa uso, ili mteja aweze kutazama dirishani bila kuonekana mkosaji. Vitabu vingi vya mafunzo vilivyotoka Ulaya na Marekani husisitiza kumtazama mteja machoni, lakini katika nyumba nyingi za kwetu kijana anayemkazia mkubwa macho amekosa adabu, kwa hiyo macho yaliyoinamishwa yasichukuliwe kuwa dalili ya uongo.

Salamu zitolewe kamili, na mnasihi kijana amwamkie mteja aliyemzidi umri kama ambavyo angemwamkia popote. Hata hivyo, ajue kwamba salamu zetu zina majibu yaliyokwisha kupangwa. Ukiuliza habari za nyumbani utaambiwa ni nzuri, hata kama nyumba hiyo imewaka moto jana. Kwa sababu hiyo panahitajika sentensi moja ya kufunga salamu na kufungua kazi, itakayotaja muda mlio nao na kumwachia mteja pa kuanzia. Hapo hapo elezwe usiri pamoja na mipaka yake: yatakayosemwa hayatatoka chumbani, isipokuwa maisha ya mteja au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa. Mipaka hiyo itajwe mwanzoni, kwa maana mteja akija kuigundua katikati ya mazungumzo atajiona ametegwa.

Mazungumzo yenyewe yaonwe kwa karibu. Mfano ufuatao ni wa kutunga, ingawa yeyote aliyekaa katika kituo cha afya atautambua. Mnasihi ana miaka ishirini na minane. Mteja ni mama lishe aliyepita hamsini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Karibu sana. Tuna dakika kama hamsini, na muda wote ni wako. Ungependa tuanzie wapi?

— Mimi sipati usingizi tu. Nilifikiri labda mngenipa dawa.

— Usingizi hauji.

— Hauji. Nikilala saa nne, saa nane niko macho, nahesabu mabati.

— Hiyo saa nane, ukiwa macho, akili inakuwa wapi?

Mama alinyamaza, akaikunja ncha ya kanga, akaikunjua.

— Kwenye marejesho.

Mnasihi amesema machache sana hapo, na kila alichosema kina kazi yake. Aliposema “usingizi hauji” hakuuliza wala hakueleza kitu. Alimrudishia mteja neno lake ili mteja ajue limefika, na mteja akaongeza mabati na saa nane ya usiku. Swali lililofuata lilikuwa wazi na lilishika wakati maalumu. Angeuliza, “Je, una mawazo?” angejibiwa, “Ndiyo, mawazo tu,” na mlango ungejifunga, kwa sababu mawazo katika Kiswahili chetu ni kifuniko cha sufuria: kila mtu anayo, na hakuna anayelazimika kusema yaliyomo. Vivyo hivyo na maneno kama kusumbuliwa, kutoelewana na kuchoka. Mteja akisema mumewe anamsumbua, mnasihi asijifanye ameelewa, bali aombe tukio moja: “Niambie mara ya mwisho ilikuwaje.” Huenda kusumbua kukawa ni kurudi usiku wa manane, na huenda kukawa ni kipigo.

Yule mama alikuwa amechukua mkopo wa aina ile inayoitwa kausha damu, wenye rejesho la kila siku, bila kumwambia mumewe. Wanasihi wengi wapya wangeteleza hapa kwa swali la “kwa nini”. “Kwa nini ulikopa bila kumwambia mzee?” ni swali la baraza la usuluhishi, na anayeulizwa hutafuta utetezi badala ya ukweli. “Ilikuwaje siku ile ulipokwenda kuchukua?” linafika mahali pale pale bila kumsimamisha kizimbani. Sisemi kwamba “kwa nini” ipigwe marufuku, maana kuna wateja wanaoipokea vizuri. Nasema tu kwamba kwenye saa ya kwanza hasara yake ni kubwa kuliko faida.

Baada ya maelezo ya mkopo mnasihi alijaribu kutaja hisia aliyoisikia chini ya maneno:

— Naona kama linalokuamsha si deni peke yake. Ni ile siku mzee atakapojua.

— Hapana. Kujua atajua. Ni kujua kwa kuambiwa na watu.

Mnasihi amekosea, na kosa hilo ndilo lililozaa matunda. Kwa kumsahihisha, mama amelitaja jambo ambalo pengine hata usiku alikuwa halitaji: kinachomtisha ni aibu ya mumewe kusikia habari za nyumba yake sokoni, kabla hajaambiwa na mkewe. Kwa hiyo kauli za kuakisi hisia zitolewe kwa namna inayoruhusu kukanushwa, zikitanguliwa na “naona kama” au “sijui kama nimekuelewa,” na mteja akikanusha mnasihi asijitetee. Anayesema “lakini wewe mwenyewe umesema” amekwisha kugeuza mazungumzo kuwa mashindano.

Kimya nacho ni sehemu ya kazi. Mama alipoikunja ncha ya kanga alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko kusema, na mnasihi alitakiwa kukaa tu. Atakayeona kimya kinamtesa ahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo, na aikubali kweli moja isiyopendeza, kwamba mara nyingi tunakivunja kimya ili tupumue sisi.

Liko pia suala la maneno yetu ya huruma. “Pole” ni neno zuri na asiyelisema ataonekana hana utu, lakini pole inayotolewa mapema na kurudiwarudiwa humlazimu mteja kujibu “nimeshapoa,” na akishajibu hivyo hawezi tena kuendelea kulia. Hatari zaidi ni “jikaze,” “vumilia” na “mwachie Mungu.” Mteja mwenyewe akimtaja Mungu, mnasihi alifuate neno hilo na kuuliza imani inamsaidiaje au inamgombanishaje na hali aliyo nayo; akilitaja mnasihi ili kuhitimisha, amemfukuza mteja kwa upole. Methali zina tabia hiyo hiyo. Mwanamke anayeeleza ndoa inayomvunja mifupa akiambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu, ameshahukumiwa na babu zake wote kwa sentensi moja.

Baadhi ya wateja hawatasema “mimi.” Watasema kuna jirani, kuna shemeji, kuna msichana fulani darasani kwetu. Mnasihi asikimbilie kumvua mteja pazia hilo. Aulize habari za huyo msichana kwa uzito ule ule: analala wapi, nani anajua, anaogopa nini. Siku mteja atakapojisikia salama, nafsi ya tatu itageuka ya kwanza yenyewe, wakati mwingine katikati ya sentensi. Wengine huzungumza kwa mwili: moyo unakwenda mbio, kichwa kizito, presha inapanda. Waulizwe mambo hayo huanza saa ngapi na nani akiwapo, lakini pia wapelekwe kupimwa, kwa sababu presha inaweza kuwa presha kweli.

Swali la “basi wewe unanishauri nifanye nini?” litakuja, na kulikwepa kwa kuuliza “wewe unaonaje?” humfanya mteja ajione anachezewa. Ni afadhali kuwa mkweli: “Nasikia unataka njia ya kutokea, na tutaitafuta pamoja. Kwanza nijue ulishajaribu nini na kilikwamia wapi.” Mteja karibu kila mara amekwisha kujaribu kitu. Yule mama alikuwa tayari ameomba msaada kwenye kikoba chake, akaacha alipoambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Taarifa hiyo haingepatikana kama mnasihi angeanza kupendekeza.

Kutoa ushauri kusichanganywe na kutoa taarifa. Iko taarifa isiyosubiri uchunguzi wa hisia. Aliyebakwa anatakiwa kuzipata dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na mnasihi anayemwacha aeleze kwa raha zake huku saa zinapita amemkosea. Mtoto anayedhulumiwa apewe namba 116, inayopigwa bure Tanzania na Kenya, na mnasihi asimamie mwenyewe hatua ya kutoa taarifa. Katika hali hizo mazungumzo marefu yatakuja baadaye.

Mteja anapotoa dalili za kukata tamaa, kwa mfano akisema watoto wangekuwa salama zaidi bila yeye, aulizwe waziwazi: “Je, umewahi kufikiria kujiua?” Tafsida kama “mambo mabaya” au “kujidhuru” humpa nafasi ya kusema hapana bila kusema uongo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi huonekana kupumua wanapoulizwa. Akikubali, aulizwe kama ana mpango, ana njia, na ameweka siku, kisha asiachwe peke yake mpaka amefikishwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Woga wa kukiri una mizizi pia katika sheria. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka katiba. Mteja aliyekulia chini ya sheria ya namna hiyo huogopa polisi pamoja na majirani, kwa hiyo aelezwe tena, kwa maneno mepesi, nani ataambiwa na kwa sababu gani.

Katikati na karibu na mwisho wa kikao, mnasihi hukusanya yaliyosemwa. Njia bora, kwa maoni yangu, ni kumwachia mteja: “Kwa yote uliyoniambia leo, ukimweleza mtu kwa maneno machache ungesemaje?” Mama lishe alisema: “Nadaiwa laki nane na nusu, na nataka mzee asikie kwangu.” Aliingia kuomba dawa ya usingizi. Jumla hiyo alikuwa hajawahi kuitamka kwa sauti, na sasa kuna jambo linaloweza kupangiwa hatua.

Anayetaka kujinoa afanye zoezi na mwenzake, mmoja awe mteja, warekodi kwa simu dakika kumi na tano, kisha wasikilize pamoja na kupima nani alisema zaidi. Rogers mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao na kuvichambua neno kwa neno, wakati vifaa vya kurekodia vilikuwa vizito na sahani zake zikijaa upesi. Kikao halisi kisirekodiwe bila idhini ya mteja, na rekodi isibaki kwenye simu inayoshikwa na watu wa nyumbani.

Dakika kumi za mwisho zitangazwe, kwa maana neno zito kuliko yote hupenda kutolewa mlangoni, mteja akiwa amekwisha kusimama na mkono uko kwenye kitasa: “Halafu, mwanangu, sijui kama nilikuambia, huyu afisa mikopo ananitaka.” Mnasihi asimrudishe kwenye kiti kwa pupa, wala asijifanye hakusikia. Amuulize kwanza kama leo yuko salama kurudi nyumbani na genge lake litafunguliwa saa ngapi kesho, kwa maana huko ndiko huyo mtu anakomkuta. Kisha amwambie: “Nimelisikia hilo, mama, na ni kubwa kuliko dakika tulizobakiwa nazo. Tukikutana Alhamisi tutaanzia hapo hapo.” Mama akishatoka, aliandike neno hilo juu kabisa ya ukurasa wa Alhamisi, kwa maneno ya mama mwenyewe.