Ampli ndogo ya hedifoni: pima mbele ya kutoa dola zako

Kijana wa jirani hapa Himbi, Goma, alikuta Birere, mtaa wa biashara, ampli ya mfukoni, ya chini ya dola 30, akaja kuniuliza kama itafanya MP3 yake ipige vizuri zaidi. Watu wengi wanaoniuliza hivyo ninawajibu hapana. Wachache ni ndiyo, tena ndiyo kubwa. Azima ampli kwa siku moja, fuata njia hii, utajua uko upande gani.

Hatua ya 1: Soma namba za hedifoni

Ampli haiongezi kitu kwenye wimbo. Inapokea sauti ambayo MP3 imekwisha kuitengeneza, inaipa volti na mkondo zaidi. Kama wimbo ulitiwa kwenye kadi ukiwa umebanwa mpaka matoazi yanalia kama maji, utausikia ubovu huo huo, kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo angalia hedifoni kwanza. Tafuta ukinzani, namba yenye alama ya Ω. Zile za kuingiza sikioni nyingi ziko kati ya 16 na 32, na MP3 yoyote inazisukuma mpaka masikio yaume. Koss Porta Pro ina 60, nayo haisumbui. Sennheiser HD 600 ina 300, na kwa volti 1 inatoa kama dB 97 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). MP3 inayoishia nusu volti itaifikisha 91 tu kwenye vilele, na muziki uliorekodiwa kwa upole utabaki chini. Hapo ampli ina kazi. Beyerdynamic DT 770 Pro imeuzwa ya 32, ya 80 na ya 250, basi ukinunua mtumba soma namba kwenye hedifoni yenyewe, siyo kwenye sanduku.

Hatua ya 2: Unganisha

Kebo fupi ya jeki kwa jeki. Swichi ya besi kwenye ampli izimwe, sitaki mjadala. Volumu ya MP3 iwe robo tatu, na kinachobaki uongeze kwenye ampli. Ukiiacha MP3 chini sana utakuza na mchakacho wake. Mwenye iPod ya zamani yenye tundu pana la pini 30 atafute kebo inayotoa sauti pale chini, maana pale sauti haipiti kwenye ampli ya ndani.

Hatua ya 3: Sawazisha ukubwa wa sauti

Hapa ndipo siku inapoishia. Sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kidogo tu, litasema hiyo ya juu ni safi zaidi, ina besi, ina nafasi. Halitasema "iko juu". Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Kusawazisha kwa kusikiliza hakutoshi, unahitaji multimita, kile kifaa cha kupima umeme.

Lakini siyo multimita yoyote. Zile ndogo za manjano, aina ya DT-830, upande wa AC (mkondo geu) zina volti 200 na 750 peke yake. Zinasoma hatua za volti 0.1, na wewe unatafuta tofauti ndogo kuliko hiyo mara nyingi. Unaweza kuzungusha volumu hadi jioni, kioo kisibadilike. Tafuta yenye eneo la volti 2 za AC, inayoonyesha 0.001. Mafundi wa simu wengi wanayo, azima, usinunue.

Tengeneza mlio wa hezi 100 kwa programu ya Audacity, uutie kwenye kadi. Kwa nini 100? Kwa sababu multimita za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani, hezi 50, na ukizipelekea mlio wa juu zinaanza kudanganya.

Sasa chukua kigawanyio cha Y. Tundu moja weka hedifoni, lingine weka jeki ya zamani iliyokatwa, nyaya zake zikiwa wazi, nawe upime pale. Nyaya zisigusane, unaweza kuiua ampli. Hedifoni lazima zibaki zimechomekwa wakati wa kupima (ila uzivue kichwani!), maana bila mzigo namba inapanda. Mfano: bila hedifoni unasoma 0.100, ukichomeka za Ω 32 inashuka 0.080. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa 1, zidisha kwa 32: unapata 8. Huo ni ukinzani wa MP3 yenyewe, na mimi napenda usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni, yaani 4 hapa. Ukizidi, hedifoni ambazo ukinzani wao unapanda na kushuka kufuatana na mlio zitabadilika ladha. Ampli nzuri, hata ya bei ndogo, inarekebisha hilo, na hiyo ni sababu ya haki ya kuinunua.

Tuseme bila ampli umesoma 0.150. Zungusha ampli mpaka ufikie kati ya 0.147 na 0.153. Ukiwa kwenye 0.168 tayari umezidi kwa karibu dB 1, na jaribio limeharibika. Pima kushoto na kulia: gurudumu la ampli za bei nafuu likiwa chini kabisa mara nyingi linapendelea sikio moja. Ikitokea, jua kwamba tofauti utakayosikia inaweza kuwa ni upendeleo huo tu. Halafu usiguse kitu tena.

Hatua ya 4: Sikiliza bila kuangalia

Mtu mwingine abadilishe kebo, wewe geuka ukutani. Seben, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea kwenye rumba, inafaa kuliko ngoma za kompyuta. Fanya mara 10, kila mara useme kama ni ampli au MP3 peke yake, yeye aandike. Ukipata 5 au 6 umebahatisha. 9 au 10, kweli unasikia.

Hatua ya 5: Chaja

Usijaribu chochote ampli ikiwa inachaji, hasa nyumba ikiwa kwenye jenereta. Kelele nyingi ambazo watu wanailaumu ampli zinatoka kwenye chaja. Chomoa, sikiliza tena, ndipo umrudishie mwenye duka au umlipe.