Spaß: iache shughuli ifanye kazi

Kwa wanaojifunza Kijerumani: ukitaka kusema jambo fulani linakufurahisha, tumia neno Spaß (raha), na uanze na jambo lenyewe, si na "ich" (mimi). Schwimmen macht mir Spaß, yaani kuogelea kunanifurahisha. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu ile -ni- ya "kunanifurahisha" inafanya kazi ile ile ya mir, "kwangu" (mir, si mich, "mimi" kama mtendwa). Shughuli zikiwa nyingi, kitenzi hufuata wingi: Die Übungen machen mir Spaß. Ukikanusha, sema keinen Spaß, kwa kuwa neno ni la kiume, der Spaß. Tamka "shpaas", a ndefu. Ndiyo maana Wajerumani wameibakiza herufi ß, inayosomwa s, hata baada ya marekebisho ya tahajia ya 1996. Waswisi huandika Spass.

Neno lilitoka Italia, spasso, burudani, likaingia Kijerumani karibu na karne ya 17. Mzizi wake ni Kilatini expandere, kutandaza: akili iliyokazwa inaachiwa inyooke. Waitaliano hadi leo husema andare a spasso, kwenda kutembea tu.

Kanuni ya kuanza na shughuli inakwama pale maana ya pili, mzaha, inapoingia. Ich mache Spaß ni "natania", na wingi Späße ni mizaha, kamwe si raha nyingi. Viel Spaß! (ufurahie!) mwambie anayekwenda sherehe au safari; anayekwenda kwenye mtihani mwambie Viel Erfolg! (ufanikiwe!) Na kichekesho usikiite Spaß, hicho ni lustig, chenye kuchekesha.