Gimbali ya droni inatetemeka? Balansi kwanza, PID baadaye

Hii ni ya watu wenye droni za kuunga wenyewe, zile fremu kama F450 zenye gimbali (ule mkono wenye mota unaoshika kamera na kuituliza) ya mota za brashilesi na kamera ya GoPro imening'inia chini, maana hizo ndo zinazoletwa mezani kwangu hapa Dar karibu kila mara, na mwenye nayo ukimuuliza shida nini anakwambia naomba uniwekee PID nzuri, kuna jamaa kanitumia namba zake ila kwangu zinagoma. PID ni zile namba tatu za kwenye programu zinazoamua mota ya gimbali isahihishe kwa nguvu kiasi gani, na namba za mtu mwingine hazina kazi kwako. Mota zako, kamera yako, hata ugumu wa waya zako ni tofauti na vya kwake. Na gimbali ambayo haijabalansi ukiipa PID kali kinachotokea ni mota inatumia nguvu zake zote kushikilia uzito ulioegemea upande mmoja, inachemka, afu ikija kazi yenyewe ya kutuliza picha haina nguvu iliyobaki. Kwahiyo mpangilio wangu ni huu na siubadilishi hata mtu akiwa na haraka ya kwenda kushuti harusi: balansi, waya, mtetemo wa droni yenyewe, halafu ndo kompyuta.

Kabla hujagusa chochote vua propela zote. Zote. Kazi yote hii ya mezani haihitaji hata propela moja, na droni ikiwaka kwa bahati mbaya vidole havina spea.

Hatua ya 1: funga kamera kama inavyoruka

Betri ya kamera ndani, kadi ya memori ndani, filta ya kioo kama huwa unatumia, waya wa video kama huwa unauchomeka. Vyote. Watu wanabalansi kamera tupu afu wakifika uwanjani wanaweka betri na filta, hapo kazi yote imeharibika. Angalia pia kama gimbali yako ilitengenezwa kwa kamera hiyo. GoPro HERO4 Black ina gramu 88, HERO9 Black ina gramu 158, yani karibu mara mbili, na umbo lake ni pana zaidi. Mtu anabadilisha kamera halafu anashangaa gimbali iliyokuwa poa mwaka jana leo inaanguka kichwa. Kama mota zako ni ndogo na kamera imekuwa nzito hivyo hamna kuseti kutakakokuokoa, tafuta gimbali ya kufanana nayo.

Hatua ya 2: balansi, umeme ukiwa umezimwa

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, usiogope kupoteza mchana mzima. Chomoa betri, ikiwezekana chomoa na plagi za mota kwenye bodi, shika droni juu ya meza au iweke kwenye stendi ili gimbali ining'inie huru.

Kwanza zungusha kila mhimili kwa mkono taratibu. Unatakiwa usikie ulaini ule ule mzunguko mzima. Ukisikia inakwama sehemu moja, au mota ni ngumu hata plagi ikiwa imechomolewa, usiendelee na balansi. Inaweza kuwa mchanga, inaweza kuwa beringi, inaweza kuwa koili imeshoti. Koili unaipima kwa mita: waya tatu za mota, pima mbilimbili, mara zote tatu upate namba zinazolingana. Zikitofautiana sana, mota hiyo imekwisha.

Mchanga nautaja kwa sababu watu wengi wanarushia Coco Beach na Kigamboni, na mchanga una chembechembe za chuma ambazo sumaku ya mota inazivuta zenyewe. Kupuliza peke yake hakuzitoi. Chukua kipande cha selotepu, chomeka upande wa gundi kwenye uwazi wa mota, bandika uvute, rudia mpaka itoke safi.

Sasa anza na pichi, yani kamera kuinama na kuinuka. Iweke kamera sawa na upeo, achia. Lenzi ikishuka, mbele ni kuzito, rudisha kamera nyuma kidogo. Ikipanda, isogeze mbele. Milimita moja ni nyingi hapa kwahiyo sogeza kidogo kidogo.

Watu wengi wanaishia hapo na ndo maana gimbali zao zinakuwa nzuri kamera ikitazama mbele tu lakini ikielekezwa chini kushuti paa la nyumba inaanza kuhangaika. Kuna kipimo cha pili. Ielekeze lenzi juu angani, nyuzi 90, achia. Kamera ikirudi yenyewe kutazama mbele, uzito uko chini ya shafti, inyanyue kwa kuweka kipande chembamba cha tepu ya sponji chini yake. Ikiendelea kuanguka kwa nyuma, uzito uko juu, ishushe. Ukimaliza rudia kipimo cha kwanza maana ukigusa kimoja na kingine kinasogea. Kazi imekamilika pale kamera inapobaki popote utakapoiacha, juu, chini, katikati, kama kipimio cha mizani kilichotulia.

Halafu roli, kulala ubavu. Hapa kuna kitu kinachochanganya: kwenye HERO3 na HERO4 lenzi iko upande mmoja wa kamera, na mota ya pichi nayo ina uzito wake upande mmoja. Mtu anaweka lenzi katikati kwa macho anaona imependeza. Macho weka pembeni, fuata uzito. Sogeza kamera kuelekea upande usio na mota mpaka mkono wote utulie. Kama sahani haina nafasi ya kutosha kusogea, bandika uzani upande mwepesi, sarafu kwa tepu ya pande mbili inatosha kabisa, ila kumbuka kila gramu unayoongeza mota inaibeba, kwahiyo kusogeza ni bora kuliko kuongeza.

Yoo, yani kugeuka kushoto na kulia, kama gimbali yako ni ya mihimili mitatu, inapimwa kwa kuinamisha droni nzima pua chini kidogo. Mkono wa gimbali ukizunguka kutafuta upande wa chini, kuna uzito umezidi mbele au nyuma, sogeza. Basi.

Hatua ya 3: waya

Chomeka kila kitu, umeme bado, rudia kipimo cha balansi. Kama ilikuwa imetulia na sasa inarudi upande mmoja kama inavutwa na springi, hiyo ni waya. Waya wa video ule mnene ndo mkosaji mkuu. Weka waya laini wa silikoni, acha kitanzi kilicholegea, hakikisha kamera inaweza kwenda mwisho wa pande zote bila waya kukaza.

Kwenye bodi za SimpleBGC, zile zinazoendesha mota za gimbali, kuna waya wa sensa, ule wa I2C (njia ya data) unaotoka kwenye bodi mpaka kwenye sensa iliyobandikwa kwenye kamera. Ukiona gimbali inatulia vizuri halafu ghafla inaruka kama imepigwa shoti, au inaganda, fungua programu uangalie hesabu ya makosa ya I2C. Ikiwa inapanda, waya huo unaokota kelele za mota. Ufupishe, upitishe mbali na waya za mota, na zile waya mbili za data, SDA na SCL, usizisokote pamoja, kila mmoja usokote na waya wa umeme au wa gnd (hasi). Joto la Dar na chumvi ya baharini vinaharibu plagi hizi kimyakimya, ukiona kijani kwenye pini safisha kwa spiriti na brashi ya meno.

Hatua ya 4: mtetemo unatoka wapi

Ile picha inayocheza kama uji, mistari ya nyumba inajipinda, hiyo siyo gimbali kushindwa kazi. Ni mtetemo wa kasi wa propela unaopita mpaka kwenye kamera, na kamera hizi zinasoma picha mstari kwa mstari kwahiyo kila mstari unakamatwa kamera ikiwa sehemu tofauti kidogo. Mchana wa jua la Dar inaonekana zaidi kwa sababu shata inakuwa ya haraka sana. Filta ya ND, ile ya kupunguza mwanga, inapunguza, lakini inaficha ugonjwa, nakushauri utibu kwanza ndo uweke filta, na ukiiweka rudi Hatua ya 2 maana nayo ina uzito.

Balansi propela, bawa jepesi libandike selotepu. Yenye ufa tupa. Washa mota moja moja bila propela, weka kidole kwenye mkono wa fremu, ile inayotetemeka huenda shafti yake imepinda. Halafu angalia vile vipira vinavyobeba gimbali: droni ikikaa kwenye gari lililoegeshwa juani vinakauka na kuwa vigumu, vinapitisha kila kitu. Vikiwa laini sana nako kamera inadundadunda. Bonyeza kwa kidole, kama havirudi kwa ulaini badilisha vyote vinne kwa pamoja. Kariakoo unavipata ukizunguka, nenda na kimoja cha zamani mkononi ulinganishe.

Hatua ya 5: sasa kompyuta

Betri iwe imejaa, ya seli tatu ikijaa inasoma volti 12.6. Kwenye programu ya bodi weka idadi ya poli za mota, yani sumaku zake, nyingi za gimbali ni 14. Kalibresheni ya jairo, sensa inayohisi mzunguko, fanya droni ikiwa haitikisiki kabisa, usiishike mkononi, na usifanye dakika unayoitoa kwenye gari lenye AC kuja kwenye jua. Sensa inabadilika na joto, iache kidogo izoee hewa ya nje. Upeo ukiwa umelala upande mmoja kila siku fanya kalibresheni ya akselerometa (sensa inayojua chini ni wapi) ya pande sita, bila haraka, kila upande ukiwa wima kweli.

PID anza chini: P 10, D 10, I 0.01. Panda P taratibu huku ukitikisa fremu kwa mkono. Ikianza kutetemeka panda D kidogo. Ukisikia mlio mkali wa juu D imezidi, rudisha. Mwisho panda I mpaka kamera irudi haraka mahali pake, ikianza kuyumba polepole kama inapepea, punguza. Nguvu ya mota weka ndogo kadri inavyowezekana ilimradi isipoteze hatua ukiisukuma. Baada ya dakika kumi gusa mota, ikiwa ya vuguvugu sawa, ikiwa huwezi kuishikilia shusha nguvu maana sumaku za kawaida zikifika kama nyuzi 80 zinaanza kudhoofika na hazirudi.

Ukibalansi vizuri utashangaa namba zinazotosha zilivyo ndogo.

Wenye droni za dukani kama za DJI, uzito wenu hausogezwi. Kwenu ni haya: toa kifuniko cha gimbali kabla ya kuwasha, fanya kalibresheni kwenye app droni ikiwa juu ya meza iliyo sawa, na ukipata ujumbe wa mota kuzidiwa toa filta kwanza. Kama bado, mara nyingi ni mkono uliopinda baada ya kuanguka au ile kebo nyembamba bapa imechanika, mpelekee fundi mwenye hadubini ya kutengenezea simu.

Kujaribu angani chagua uwanja wazi, kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ukiwa nacho, mbali na njia ya ndege za Julius Nyerere. Miezi ya kusi upepo wa pwani ni mkali mchana kwahiyo mimi najaribu asubuhi mapema: dakika moja kusimama hewani, afu mbele kwa kasi na breki, afu kuzunguka, kamera ikitazama mbele na tena ikitazama chini. Video iangalie kwenye kioo kikubwa, simu inaficha mtetemo mdogo. Inayotetemeka wakati wa kushuka tu ni droni kuingia kwenye upepo wa propela zake yenyewe, shuka taratibu huku ukisogea mbele, PID usiiguse.