Ombwe katika nadharia ya uga wa nyuzi: hatua kwa hatua, kisha maswali yenu

Nadharia hii huzichukua chembe kuwa mitetemo ya nyuzi ndogo mno, na uga ni kitu kilichoenea kila mahali ambacho mitetemo hiyo hutokea ndani yake. Wengi wanaoanza mada hii hukwama kwenye neno moja: ombwe. Tumezoea kwamba ombwe ni mahali pasipo na kitu. Naomba wazo hilo uliweke kando kwanza, maana hapa kuna ombwe lililojaa na kuna ombwe tupu, na yote mawili yanatoka kwenye mlinganyo mmoja. Andaa kalamu, karatasi na kikokotoo.

Hatua ya 1: Lipate neno lenyewe. Pindua sufuria, weka gololi katikati ya kitako chake. Ukiiweka sawasawa inatulia, lakini ukiigusa tu imeanguka. Sasa iweke ndani ya kalai: ukiisukuma, inarudi. Pote pawili mteremko ni sifuri. Ombwe ni hali kama hizo mbili, uga umetulia na haubadiliki. Chembe ni mitetemo midogo kandokando ya hali hiyo.

Hatua ya 2: Andika mlinganyo. Mwaka 1986 mwanafizikia Edward Witten alitunga nadharia ya uga kwa nyuzi wazi, yaani zenye ncha mbili. Uga wake, Ψ, hubeba mitetemo yote ya uzi kwa pamoja:

QΨ + Ψ∗Ψ = 0

Q ni opereta, yaani kanuni ya hesabu inayotenda juu ya uga; ndiyo inayoamua mitetemo ipi ya uzi inaruhusiwa. Alama ∗ huunganisha nyuzi mbili ziwe moja: nusu ya kulia ya uzi wa kwanza hushikana na nusu ya kushoto ya wa pili. Jibu rahisi kuliko yote ni Ψ = 0.

Hatua ya 3: Usidanganywe na sifuri. Hapa naomba utulie, usome mara mbili. Ncha za uzi wazi lazima zishike mahali, na mahali hapo huitwa D-breni. Ψ = 0 ni ulimwengu wa vipimo 26 wenye D-breni iliyoenea kila pembe yake, na breni hiyo ina nishati. Sifuri yetu, basi, imejaa. Tena kuna takioni, mtetemo ambao kipeo cha pili cha tungamo yake ni hasi, −1/α′ (α′ ni namba chanya inayoweka kipimo cha ukubwa wa nyuzi). Hasi hiyo inakwambia gololi iko juu ya sufuria.

Kwa miaka mingi takioni ilihesabiwa kuwa kasoro ya nadharia. Mwaka 1999 mwanafizikia Ashoke Sen aliisoma vingine: ni breni yenyewe inayotaka kuoza. Alidai kuna bonde, na kina chake ni sawa kabisa na mvutano wa breni, yaani nishati ya breni kwa kila sehemu ya ujazo wake. Ukifika chini, breni imekwisha.

Hatua ya 4: Pima bonde mwenyewe. Chukua takioni peke yake, t, uache mitetemo mingine yote. Nishati ikigawanywa kwa mvutano wa breni (α′ = 1) ni:

f(t) = 2π²(−t²/2 + 2.192t³/3)

Hiyo 2.192 ni 81√3/64. Mteremko ni sifuri pale −t + 2.192t² = 0, kwa hiyo t = 0 au t = 0.456. Ingiza 0.456 na utapata f = −0.685. Sen alitaka −1. Mtetemo mmoja tu kati ya mitetemo isiyo na idadi, na tayari tuko kwenye 68%! Mimi hesabu hii bado inanisisimua kila ninapoirudia.

Ukiongeza mitetemo mingine, unapanda ngazi: kila ngazi huingiza mitetemo mizito zaidi kwenye hesabu. Sen na Barton Zwiebach walipofika ngazi ya 4 walipata 98.6%. Moeller na Taylor, mwaka 2000, walifika ngazi ya 10 na 99.9%. Mwaka 2005 Martin Schnabl akaandika jibu kamili, nalo likatoa −1 bila kukadiria.

Hatua ya 5: Simama bondeni, usikilize. Andika Ψ = Ψ₀ + Φ, ambapo Ψ₀ ni jibu la Schnabl na Φ ni mitetemo midogo kandokando yake. Q inageuka kuwa opereta mpya, na mwaka 2006 Ellwood na Schnabl walithibitisha kwamba haina mtetemo hata mmoja wa uzi wazi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ombwe hili ni tupu na halivumi, kwa kuwa hakuna tena breni ya kushikia ncha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nishati ya breni inakwenda wapi?*
Haipotei. Ndani ya nadharia kamili inatarajiwa kutoka kama nyuzi zilizofungika, zile zisizo na ncha, ambazo hazihitaji breni. Graviti yenyewe, ile inayoangusha gololi, hutokana na nyuzi za aina hiyo.

*Nimechora grafu yako. Upande wa t hasi inashuka bila mwisho. Nimekosea?*
Hujakosea, ndugu yangu, na umefanya vizuri kuchora. Bonde letu ni chini kwa jirani zake tu. Upande wa hasi hauna ombwe la kutulia.

*Kwa hiyo ombwe hili ndilo la ulimwengu wetu?*
Hapana, dada. Hii ni nadharia ya nyuzi za bosoni, yaani isiyo na fermioni (chembe za jamii ya elektroni): haina elektroni, na hata uzi wake uliofungika una takioni ya kwake, ambayo bonde hili haliigusi. Kwa nyuzi kuu, zenye fermioni, breni zilizo imara hazina takioni. Breni ikikaa karibu na kinyume chake (breni-pinzani, yenye chaji kinyume), takioni inarudi, na hapo fuata tena hatua ya 3.